Tanbihi za Doña Hermelinda

Doña Hermelinda Quispe amewachapia watu tasnifu zao miaka thelathini, mtaani kwetu nyuma ya chuo kikuu, La Paz. Mimi jirani yake najalidi vitabu. Mawakili na madaktari wa mji huu wamepita mbele ya kompyuta yake wakitetemeka, na kila mmoja kafokewa. Mwaka huu tasnifu ilikuwa yake mwenyewe, kuhusu wanawake waoka mikate, na mwisho wa kuipokea ulikuwa Ijumaa saa sita mchana.

Ijumaa hiyo saa nne akarudi kutoka ofisi ya chuo, uso umemshuka. Karani kapima kwa rula, kama kawaida yao: herufi za tanbihi zinatakiwa ukubwa wa tisa, zake ni kumi. Na tanbihi zenyewe ni mia tatu na kumi na mbili. Akichelewa, basi mpaka mwakani, na hapo keshasoma jioni miaka sita.

"Si ubadili mtindo tu kwenye kompyuta?" nikamwambia. "Mbona sisi unatufokea kila siku: badili mtindo mara moja, tanbihi zote zitafuata?"

"Zangu nilizipamba kwa mkono, bila mtindo, shoga. Moja moja."

"Wewe? Wewe Hermelinda?"

"Niliona raha. Zilikuwa zangu."

Nikamvutia kiti mbele ya kompyuta.

Akakaa. Akazichagua tanbihi zote, akafuta mapambo yote ya mkono.

"Na mlazo wa herufi za majina ya vitabu si utapotea?"

"Huo niliupa mtindo wake. Sikurukwa na akili kiasi hicho."

Akafungua mtindo wa tanbihi, akaandika tisa, akabonyeza. Jamani, zikasinyaa zote kwa pamoja, ukurasa baada ya ukurasa, nami nikajikuta napiga makofi kama mtoto. Tukachapisha, nikajalidi mbio mbio, tukapandisha ngazi za ofisi gundi bado mbichi.

Ilibaki dakika saba. Karani akapima. Akapima tena, mchokozi yule. Kisha akasukuma fomu: mstari wa juu jina la mwandishi, wa chini jina la mchapaji. Hermelinda akaenda moja kwa moja mstari wa chini, akaandika jina lake, akairudisha.

"Doña," karani akasema, "na mwandishi ni nani?"

Hermelinda bado kashika kalamu. Nikamgusa bega.

"Ni mimi," akasema, akaivuta fomu.