Barua ya Sitini na Mbili

Pale kliniki walimwita Mashine, na jina hilo lilimkaa sawasawa. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mchapaji aliyemfikia kwa kasi. Kisha akajitafutia balaa kwa mikono yake mwenyewe: akamwombea kazi wifi yake, mke wa kaka yake. Sasa bosi alikuwa anatafuta msimamizi wa chumba cha uchapaji, na macho yote yalikuwa kwa huyo mgeni.

Wivu ulimkaba. Nani usingemkaba? Barua mia mbili za kuwaita wagonjwa, kazi ya Mashine ya siku nne, wifi alizimaliza kabla ya chai. Aliandika barua moja tu, akaiacha kompyuta irekodi kila kitufe alichobonyeza: chukua jina kwenye orodha, shuka mstari, chukua namba, shuka, chukua tarehe. Makro, aliiita. Kisha akaiamuru irudie mpaka mwisho, akaenda zake kunawa mikono!

"Uvivu huo," Mashine alinong'ona. "Uvivu uliosoma shule."

Akalisogelea rundo kwenye printa, akapekua. Barua ya sitini na mbili ilianza hivi: "Ndugu 14 Machi, unaombwa kufika..." Zilizofuata zilikuwa vichekesho vilevile, tarehe mahali pa jina, jina mahali pa namba.

Alijua sababu papo hapo, maana orodha aliichapa yeye. Makro ilitegemea mistari mitatu kwa kila mgonjwa. Yeye, kwa mazoea yake ya kupendezesha ukurasa, jina refu la mgonjwa wa sitini na moja alikuwa amelikata mistari miwili. Neno moja tu lingetosha. Hakulisema. Aliirudisha barua mahali pake, akalisawazisha rundo vizuri, na bosi alipopita akamkabidhi kwa tabasamu.

"Kazi ya wifi yangu hiyo, bosi."

Bosi alirudi amefura. "Huyu Ndugu 14 Machi ni mtoto wa nani?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Wifi akaipitia orodha, akaukuta ule mstari. Mashine akabana pumzi. Akitajwa tu, usimamizi ndio basi tena.

"Kosa langu, bosi. Nilipaswa kuikagua orodha kabla ya kuanza," wifi alisema.

Akaunganisha mistari, akabonyeza, barua zikatoka upya, safi. Bosi alizisoma tano, akamtangaza wifi kuwa msimamizi hapohapo.

Watu walipotawanyika, wifi akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, nilikuwa mlangoni. Nilikuona ukiirudisha ile barua."

Mashine akaanza kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Nyumbani hawatajua. Haya, vuta kiti nikufundishe."

Afadhali angemtukana. Anayekutukana unamchukia kwa raha zako. Mashine akavuta kiti, akaketi, akamwonea wivu hata huo moyo wake.