Mboga ya Mama Bhoke

Enzi zetu za vijiji vya ujamaa, kiangazi kikielekea ukingoni, watoto hatukuulizwa kama tumechoka. Ukitoka shule unabeba debe la maji kutoka mtoni, unamwagilia mchicha, unanyunyizia kabichi majivu kuua wadudu, unasomba samadi zizini mpaka unanuka kama ndama. Vijana wa leo wakimwagilia chungu kimoja cha maua, hupiga picha kwanza.

Katikati ya mboga zetu mama alikuwa na tuta moja la maua ya rangi ya chungwa. Tulipohamishwa kutoka kwetu Bunda, vyombo vingi vilibaki nyuma, lakini mbegu za maua yale, alizoachiwa na marehemu bibi, alizifunga kwenye pindo la kanga. Siku moja tulikuwa tunakusanya mbegu za msimu unaofuata, akaja balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mkali aliyepima kila kitu kwa tumbo la taifa.

"Mama Bhoke, hii ng'oa. Ardhi ya kijiji haiwezi kulisha kitu hakiliwagi."

Mimi, huyo Bhoke mwenyewe, nilimwona mama akizifumbata zile mbegu. Akasema, "Ndugu Balozi, hii ni mboga. Kwetu Bunda tunakulaga."

Balozi akavuta kigoda, akaketi. "Basi pika, nionje."

Mama aliyapika kwa karanga. Tukauzunguka ugali wa mtama, balozi akitutazama midomo. Yalikuwa machungu kuliko mwarobaini. Kaka yangu alitokwa machozi, mama akasema ni utamu. Nami, kwa kuogopa maua ya bibi yasije yakang'olewa, niliomba kuongezewa.

Balozi alimeza, akafikiri sana. "Si tamu," akasema, "lakini hata mikutano yangu si mitamu, na mnakujaga. Kila nyumba ipande tuta moja."

Vuli ilipokolea, kijiji kizima kikawaka rangi ya chungwa. Hakuna aliyeyala. Kila mara balozi alipouliza, aliambiwa hayajakomaa. Mama alisimama mlangoni akacheka, mara ya kwanza tangu tuhamie. Nilimpenda mno siku ile.

Siku hizi watu wanazikana kwa mashada ya plastiki kutoka madukani Musoma, yanayofutwa vumbi mwaka hadi mwaka. Sisi, balozi wetu alipofariki, hatukununua kitu. Kila nyumba ilikuja kaburini na fungu lake la mboga.