Binti Yangu Sista Mkuu Amemfungia Shangaziye Mlango wa Wodi

Binti yangu amekuwa sista mkuu wa wodi! Haya sasa, asalaam alaykum nyote. Admini, jina langu lifiche, ila cheo cha mwanangu kiache kionekane.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, wa huku Barani, Malindi. Shule niliishia darasa la sita, lakini mwanangu anaongoza manesi, na madaktari humwita kwa adabu. Jambo la kwanza alilokataza ni mgonjwa aliyejaribu kujiua kusimangwa. Zamani mgonjwa kama huyo alikuwa akiulizwa kama haogopi Mungu. Sasa nesi huketi naye, hamwachi peke yake, na anayeingia kumuona ni yule tu aliyetakwa na mgonjwa mwenyewe.

Basi mtihani ukatuangukia wenyewe. Mwezi huu aliletwa mtoto wa wifi yangu, msichana mkubwa. Nanyi mwajua kwetu kumjulia hali mgonjwa: wifi alikuja na wanawake wa mtaa mzima na sufuria ya uji wa pilipili manga. Mwanangu akawaamkia shikamoo mmoja mmoja, akapokea uji, akafunga mlango.

Wifi akamwambia, "Nimembeba tumboni mimi, nawe waniweka nje kama muuza mchicha?"

Kumbe mgonjwa alinitaka mimi, mke wa mjombake. Kesho yake nikaingizwa kimyakimya. Mwanangu akamuuliza mbele yangu, wazi kabisa, "Bado wawaza kujiua?" Nilidhani anamkumbusha wazo hilo. Msichana akalia, akasema ndiyo, akasema na mengine mengi, kisha akaomba chakula. Hayo mengine nimeapishwa nisiyatoe. Mimi, ambaye neno halilali kwangu!

Sasa msichana ametoka, yuko kwa nyanyake huko Tezo, na kliniki anahudhuria. Lakini wifi asema cheo kimempanda mwanangu kichwani. Amesikia kuna aliyeingizwa, sasa ataka aombwe radhi mbele ya watu na aambiwe ni nani, la sivyo haji kwenye sherehe yetu ya hongera. Na kwetu shangazi ndiye amfukizaye binti udi na kumtuza leso. Asipokuwepo, watu watauliza. Nikamsihi mwanangu ateremke kidogo.

Akanijibu, "Mama, nikimfungulia shangazi kwa kuwa ni damu yangu, kesho nesi wangu atamfungulia nani? Pole nitampa kwa mapenzi yote. Radhi ya mlango siombi."

Nilivyojivuna na jibu hilo, ndivyo lilivyoninyima utulivu. Nampigia wifi, nakata kabla hajapokea. Nikisema niliingia mimi, nimemsaliti msichana. Nikinyamaza, nakula na wifi sahani moja nikimficha habari za mwanawe. Na msichana ametuma salamu kwamba atakuja sherehe.

Wenzangu wenye wifi na wenye watoto, nielekezeni, nishike wapi? Nimeshaalika mpaka watu wa Mambrui, na wote nawatarajia Jumamosi hii, baada ya sala ya adhuhuri.