Chungu cha Noeli juu ya moto

Noeli inaanza mwezi wa sita. Anayebisha aniletee chungu chake, tuone kina nini ndani.

Wajukuu wangu wananicheka nikisema hivyo. Wao wanaenda sokoni Baraka siku moja kabla, wanarudi na mfuko wa mchele, basi. Miaka ile ya hamsini, wakati wa Wabelgiji, mwezi wa kumi na mbili ulikuwa mwezi wa njaa. Mvua inanyesha, shamba liko kijani, na ghalani panya wanalia. Ukitaka kula wali siku ya Noeli, uweke mpunga mwezi wa sita, wakati wa mavuno. Usipouweka, utakula bugali na sombe, majani ya muhogo, kama Jumatatu yoyote.

Mimi nilitoka Kilembwe, kule milimani, nikaolewa Baraka. Mume wangu alikuwa mvuvi wa ndakala, wale dagaa wa ziwa letu, mtu mpole, hana maneno. Maneno yote ya nyumba ile alikuwa nayo mama yake. Mwaka wangu wa kwanza alitangaza mbele ya wadogo zake wawili: "Noeli hii tunakula kwa bibi arusi. Tuone kama kule milimani banajua kupika kitu." Wakacheka wote watatu. Mimi nikacheka pia, lakini moyoni nikasema: mtakula, na vidole mtalamba.

Mashamba mazuri yalichukuliwa na pamba, maana pamba ilikuwa lazima. Nilipata kipande kidogo bondeni, karibu na maji, nikapanda mpunga. Nilipovuna, kwanza kabisa nilijaza chungu kikubwa mpunga na maganda yake. Nikafunika mdomo kwa kigae, nikauziba kwa udongo wa kichuguu na majivu, nikakipandisha kwenye kichanja juu ya mafiga. Moshi unafukuza wadudu, udongo unafukuza panya. Mikono ya watu inafukuzwa na aibu, kwa sababu ukipasua chungu cha Noeli kabla ya siku yake, kijiji kizima kitajua tumbo lako halina adabu.

Lakini Jumapili ya shukrani ilikuwa bado. Wakristo wa pale ziwani walikuwa na desturi yao: mavuno yakiingia, kikapu cha kwanza ni cha Mungu. Unatwanga, unapepeta, unakiweka kando ya mlango na kitambaa juu, mpaka siku ya kukipeleka kanisani. Mama mkwe akaingia jikoni kwangu. Akatazama kando ya mlango, hakuna kikapu. Akainua macho, akaona chungu.

"Weye, kikapu ya Mungu iko wapi?"

"Iko shambani, Mama."

"Shambani! Inalima?"

"Mpunga wake umesimama. Kwetu Mungu hapewi mpunga wa kutwanga. Tunamwachia pembe moja ya shamba, ile nzuri kushinda zote. Tunaikata mwisho kabisa, tunapeleka miganda mizima na masuke yake."

"Kwenu, kwenu! Mungu ya kwenu iko na meno ya ng'ombe?" Akaonyesha chungu kwa kidole. "Umemuwekea Mutoto chakula, na Baba yake hujamusalimia. Mupunga ya kusimama ni ya ndege. Shusha hiyo chungu, tutaitwanga leo, tuipeleke kanisani."

Bibi arusi habishani, hilo nalijua. Lakini chungu kile kikishuka, Noeli yangu imekwisha, na wale wadogo zake watakuja kula kicheko. Nikasema: "Mama, ndege wakimaliza pembe ya Mungu, nitakishusha mimi mwenyewe mbele ya mama wadogo. Nitakipeleka chote."

Akanitazama kama mtu aliyeona samaki anasema. "Nimesikia," akajibu. "Na ndege bamesikia."

Walisikia kweli. Kwetu Kilembwe kila mwanamke anaacha pembe yake, kwa hiyo ndege wanagawanyika. Baraka bonde lote lilikuwa limekatwa, na pembe iliyosimama ilikuwa moja tu, yangu. Ndege wa nchi nzima walikuwa na meza moja! Nikajenga dungu, nikapanda juu na kopo lenye mawe, nikapiga kopo na kelele tangu umande mpaka giza. Kukiwa kumebaki siku mbili kabla ya Jumapili ya shukrani, sauti ikakatika kabisa.

Mchana huo mama mkwe akaja na muhogo wa kuchemsha. Alisema ananiletea chakula. Uongo, alikuja kutazama chungu chake kinavyoshuka. Akakaa kwenye tuta, mikono kifuani.

Ndege wakaja kama wingu. Nikafungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Yeye akautazama mpunga, masuke mazito yameinama, ya dhahabu. Akawatazama ndege wanatua juu yake. Nikaona shingo yake inavimba. Akasimama, akafungua kitambaa cha kichwa, akakizungusha hewani:

"Bezi nyinyi, munaiba! Mwende mukule pamba ya Bwana Mukubwa! Hii ni ya Mungu! Batoto ba haramu!"

Akakimbia kwenye matuta kama msichana, kitambaa mkononi. "We mutoto, unashangaa nini? Tupa udongo!"

Nikatupa. Wingu likaondoka. Alikaa chini, anahema. "Usifikiri nimekubali," akasema. "Mi nachukia bezi tu."

Kesho yake alfajiri nilimkuta yuko juu ya dungu tayari, na kopo langu.

Siku ya shukrani tulipeleka miganda kichwani. Mganda mkubwa kuliko yote aliubeba yeye. Wanawake wenye vikapu wakamwuliza hiyo ni nini. "Hivi ni vya kwetu," akawajibu, "nyie hamujui."

Na Noeli ikafika. Mvua inapiga, nyumba zote zinanuka sombe. Nikashusha chungu. Udongo ulikuwa mgumu kama jiwe. Mama mkwe akaninyang'anya kisu, akaupasua mwenyewe mbele ya wadogo zake. Nikatwanga, nikapika wali na jogoo kwa mawese. Mdogo wake mmoja akaonja, akakunja pua. "Iko na moshi."

"Haya, lete sahani yako," mama mkwe akasema, na akaivuta kweli.

Mwaka uliofuata bondeni zilisimama pembe mbili, yangu na yake. Ya kwake ndiyo ndege waliyoila zaidi. Mimi nilikuwa nimejifunza kutunza sauti.