Klaudia, wa Nyuma Kabisa

Nimezika watu wengi hapa kijijini Kaagya, na sitaki mtu aniambie kwamba msiba unazoeleka. Hauzoeleki. Zinazozoeleka ni kazi zake: kuchota maji, kumenya ndizi, kutandaza nyasi ndani ya nyumba ili waliokuja kulia wapate pa kulala. Miaka ile tulitoka kwenye kaburi moja na majembe begani tukaenda kwenye jingine, na bado kila mara roho iliuma upya. Kwa hiyo ninapowaeleza habari za Klaudia, jirani yangu, msitegemee niseme alikuwa mwanamke jasiri. Alikuwa amechoka, kama sisi sote. Ila lipo jambo moja lililompata yeye peke yake, na mpaka leo nikilikumbuka nakasirika.

Nyumba yao ilikuwa ya baba yake, mzee Bartholomayo. Vita vya Amin vilipoanza, mzee alikuwa Kyaka, karibu na mpaka wa Uganda, kwa shughuli za kahawa, na hakurudi. Hata mwili hatukuuona. Datius, kifungua mimba wake, akaingia jeshini kwa uchungu, akavuka mpaka na wenzake, akarudi na redio, saa ya mkononi na vitenge vya mama yake. Miaka michache baadaye akaanza kukonda. Wakati huo ugonjwa wenyewe tuliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa kwa magendo kutoka Uganda, na tulidhani ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiana. Datius akafa, mkewe akafuata, na kitoto chao nacho. Kisha akaondoka Benadetha, binti yao, mwalimu wa darasa la kwanza, mtu wa kucheka mpaka anajishika mbavu. Klaudia mwenyewe alikuwa ameolewa visiwani Muleba na mchuuzi wa dagaa. Alirudi mjane, na kikohozi ambacho hakuna aliyemuuliza habari yake. Hatukuwa tukiulizana.

Akabaki Anatory, kitinda mimba, dereva. Alikuwa amesoma sekondari ya Kahororo na Kiingereza kilimtoka bila shida, ndiyo maana wakimbizi wa Rwanda walipojaa Ngara mashirika ya misaada yalimchukua haraka. Mwaka 1995 alirudi nyumbani na begi moja. Mama yake, Ma Jovita, alikuwa akianika kahawa uani. Alipomwona kijana anavyotembea, akakaa chini palepale juu ya mkeka, kahawa zikamwagika.

"Na wewe?" akasema.

"Nimekuja kupumzika, mae," Anatory akajibu. Kila mtu wa miaka ile alikuja nyumbani kupumzika.

Ndani ya lile begi mlikuwa na gemu. Sisi tulikuwa hatujawahi kuiona: kimashine cha kijivu, ukubwa wa kitabu cha sala, chenye kioo kidogo na vitufe vya kubonyeza. Kijana mmoja Mzungu wa shirika alimwachia alipokuwa akirudi kwao. Kioo hakikuwa na taa, kwa hiyo ilibidi kuchezea mlangoni mchana, penye mwanga. Hapo ndipo Anatory alipotandikiwa godoro, na hapo ndipo Klaudia alipokaa naye, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimuuguza.

Nilidhani ni upuuzi. Mtu anaharisha mpaka anakaribia kukatika, halafu anabonyeza-bonyeza vitufe. Lakini Klaudia alinieleza, na ngoja nami niwaeleze. Ndani ya mchezo kuna watu wanne wanaosafiri kwenda kumtafuta adui mkubwa aliyeharibu nchi. Wanakutana na mafisi, mapopo, na madubwana yasiyo na sura, wanapigana. Na wanapigana kwa zamu. Wewe unachagua: huyu apige, huyu ampe mwenzake dawa, huyu ajikinge. Kisha unatulia, adui naye anachukua zamu yake.

"Wanangojana?" Klaudia aliuliza siku ya kwanza.

"Wanangojana. Hakuna anayepiga mpaka zamu yake ifike."

"Basi hao ni watu wa heshima," Klaudia akasema. "Kifo cha kwetu hakingoji mtu."

Mchezo huanza na mtu mmoja, wenzake wanapatikana njiani; kila ulipouliza jina, Anatory aliandika, la kwake kwanza, kisha la Datius, la Benadetha na la Klaudia. Walitembea kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, kwa mpangilio huohuo. Klaudia akalalamika kwa utani kwamba yeye ni mkubwa kwa Anatory, mbona amewekwa nyuma kabisa.

"Wa mbele ndiye anayepigwa sana," mdogo wake akamwambia. "Wa nyuma hapigwi ovyo. Nimekuweka huko makusudi."

Klaudia aliinuka akaenda jikoni, akalia hadi ndizi zikaungua. Aliniambia hivyo mwenyewe. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu kuhusu kikohozi chake, na kumbe mdogo wake alikuwa anajua.

Kilichomtia hasira Klaudia ni yale majani ya dawa. Humo ndani ukipigwa mpaka unakaribia kufa, mwenzako anakupa jani moja, unapona na kuwa mzima. Jani moja! Yeye alikuwa amekwenda kwa miguu mpaka kwa mganga wa ndani kabisa huko Muleba, akarudi na furushi la majani kichwani, wakachemsha, Anatory akanywa na kutapika. Alikuwa akiangalia kile kioo na kusonya. Hata hivyo, kila walipofika kwenye duka la humo mchezoni, ni yeye aliyesema, "Nunua majani mengine. Nunua mengi."

Ma Jovita alikuwa mbaya zaidi. Mama yule alikuwa Mkatoliki wa kweli, rozari haikumtoka mkononi. Siku moja Datius wa mchezoni alipigwa na fisi akafa, Klaudia akapiga yowe, mama akatoka mbio ndani. Anatory akamtuliza: asihofu, mjini kuna kanisa, unampeleka maiti kwa padri, unatoa dhahabu, anafufuka.

"Padri gani anafufua kwa dhahabu?" Ma Jovita akafoka. "Zima uchafu huo nyumbani kwangu!"

Akaingia ndani, wakamsikia akisali kwa sauti. Kesho yake alasiri alitoka taratibu na kigoda chake, akakiweka karibu na godoro. Akakaa, akahesabu rozari yake. Kisha akauliza, bila kumtazama yeyote: "Mlimpeleka?"

"Tulimpeleka, mae."

"Amefufuka?"

Anatory akamwonyesha. Wanne kwa mstari. Mama alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Hakujua kusoma, na vile vitu vilikuwa vidogo kama punje za mtama, lakini alitaka aonyeshwe yupi ni yupi. Tangu siku hiyo hakukosa. Akimaliza kazi za shamba alinawa mikono, akaja kukaa, akauliza, "Leo wanakwenda wapi?" Anatory akamjibu wanakwenda kisimani, au wanakwenda kwa shangazi, au wanatoka misa. Alikuwa akimdanganya, maskini, maana walikuwa wakipita makaburini na kwenye mapango. Mama alifurahi hata hivyo. Nami nilikuwa nikipita pale na kumwona akitabasamu mbele ya mwanawe wa mwisho anayekufa, nikajiambia huyu mama akili zimeruka. Hazikuwa zimeruka. Alikuwa akiwatazama watoto wake wote wanne mahali pamoja, jambo ambalo hakuna mwingine angeweza kumpa.

Betri ndizo zilizowatesa. Zilipoishiwa, Klaudia alizianika juu ya bati zipate joto, zikasukuma siku nyingine mbili. Anatory naye alikuwa akiisha. Mikono ikakosa nguvu, ikabidi Klaudia abonyeze na yeye aelekeze kwa midomo. Walifika mpaka kwenye ngome ya yule adui mkubwa, wakaingia, wakauawa wote. Wakarudia, wakauawa. Mara ya tatu Anatory alisema basi.

"Hatumwezi," akasema. "Tumechelewa kuanza. Tuwarudishe mjini."

Wakawarudisha kwenye mji mmoja ulio kando ya ziwa, wakawaingiza kwenye nyumba ya wageni, wakalala, wakaamka wazima, nguvu zimejaa. Anatory akamwelekeza dada yake jinsi ya kuhifadhi, ili mashine iwakumbuke walipo hata ikizimwa.

"Sikiliza, Klaudia. Humu mna nafasi ya safari moja tu. Mtu akianza safari mpya, hii inafutika. Ukitaka kuwaona, washa, bonyeza kile cha chini, watatokea hapohapo. Waangalie, uzime. Usiwapeleke popote."

"Siwapeleki."

"Hapo walipo hakuna wa kuwapiga."

Alikufa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, watoto wa jirani wakiwa nje wanawakimbiza. Tulimzika shambani katikati ya migomba, karibu na Datius na Benadetha. Klaudia hakulia makaburini. Kile kimashine alikuwa amekiviringisha kwenye khanga na kukificha ndani ya kapu la maharage. Aliniambia siku ileile: "Wengine wote wamekwenda, lakini hao sitawatoa." Nilimwelewa.

Siku ya kumaliza msiba ukoo ulikusanyika. Kwa sisi Wahaya, mwanamume aliyekufa lazima apate mrithi, na mrithi si mtu wa kupewa mali tu. Anakaa mahali pa marehemu. Anakuwa yeye. Kwa kuwa nyumba ile haikubakiwa na mtoto wa kiume, Ta Rugambwa, ndugu wa mzee Bartholomayo, alimtaja mwanawe mwenyewe, Mutalemwa, muuza vipuri vya baiskeli mjini Bukoba. Klaudia ni mwanamke, hakuwa na sauti. Mutalemwa alivikwa koti la Anatory, akaketishwa kwenye kiti cha mzee, akakabidhiwa panga la shamba. Ta Rugambwa akatangaza: "Kuanzia leo Anatory ni huyu." Tukapiga vigelegele. Hata mimi nilipiga, ndivyo inavyotakiwa.

Ma Jovita alisimama, akamshika Mutalemwa mashavu, akamwita mwanangu. Kisha akasema kuna kitu kimesahaulika. Akaingia ndani, akatoka na khanga, akaifungua mbele ya watu wote.

Klaudia alimkimbilia. "Mae, hicho hapana. Mae, nakuomba."

"Nimfiche Anatory kitu chake mwenyewe?" mama akasema, naye alikuwa anashangaa kweli. "Atalala vipi huko aliko, kitu chake kikiwa kwenye maharage?"

Mbona msimwelewe? Kwake, yule kijana mwenye koti alikuwa ndiye. Anatory alikuwa amerudi kukaa kwenye kiti, na mashine ikarudi mkononi mwake. Mambo yote yalikuwa sawasawa.

Klaudia akapiga magoti. "Waitu, ndugu yangu Mutalemwa, mle ndani kuna kaka zangu na dada yangu. Usianze upya. Iache ilivyo."

Watu walicheka. Si kwa ubaya, pombe ya ndizi ilikuwa imeanza kuzunguka. Ta Rugambwa akasema, "Tunazungumzia shamba la baba yako, wewe unalilia mchezo wa watoto?" Mutalemwa alimwinua kwa heshima, akamwambia asijali, kitatunzwa vizuri. Akakitia kwenye mfuko wa lile koti.

Klaudia alivumilia kama mwezi mmoja. Akauza kuku, akanunua betri mpya, akakata mkungu mzuri wa ndizi, kwa ruhusa, maana shamba halikuwa lao tena, akapanda gari la mjini. Nilikwenda naye kwa sababu kikohozi kilikuwa kimembana na hakuweza kubeba. Mutalemwa alitukaribisha dukani kwa furaha, akatuletea chai. Klaudia akasema shida yake ni moja tu: aiwashe aone, kisha aondoke.

Mutalemwa akaiwasha. Nami nilichungulia. Palikuwa na kijiji, na mtu mmoja peke yake amesimama njiani.

"Wengine wako wapi?" Klaudia akauliza.

"Wengine wepi, dada? Iliuliza jina, nikaandika Mutalemwa. Mimi si ndiye mrithi? Nisingeweza kukaa na majina ya marehemu, ingekuwa kama sijapokea kiti." Akamwonyesha kwa fahari. "Ndiyo kwanza naanza. Naambiwa mbele nitapata wenzangu. Nikuandike na wewe?"

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo: ningempata wa kumtukana, ningekuwa nimepoa zamani. Alifanya kile tulichomvisha koti akifanye. Klaudia alimwachia betri na mkungu, akamshukuru kwa chai, tukatoka. Tulipokaribia nyumbani akaniambia, "Hata mimi nilikuwamo, jirani. Hata mimi nimefutwa." Nikamshika mkono tukaendelea kutembea.

Ma Jovita alikuwa mlangoni, mahali palepale pa godoro, kigoda kikiwa tayari.

"Umewaona?" akauliza.

Klaudia aliketi chini miguuni pake. "Nimewaona, mae."

"Datius?"

"Hajambo."

"Benadetha naye?"

"Naye. Wako kwenye ile nyumba ya wageni kando ya ziwa. Wamelala, ndiyo maana hatukukaa sana."

Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akawaza kidogo, mkono wake ukimpapasa bintiye mgongoni, mifupa yote ikihesabika. Kikohozi kikamshika Klaudia, mama akangoja mpaka kikatulia.

"Na wewe?" akauliza. "Bado wamekuweka nyuma kabisa?"

"Bado niko nyuma kabisa, mae," Klaudia akasema.