Bibi Theodora wa Mnyambe na Maji ya Yordani

Alizaliwa Chidya, wilayani Masasi, tarehe 9 Novemba 1950, mtoto wa tano wa mpishi wa misheni ya Kianglikana na mke wake mfinyanzi, Wamakhuwa waliobatizwa tangu enzi za babu zao. Padri aliyembatiza alilitoa jina la Theodora kwenye kalenda iliyotundikwa sakristia, na wazazi wakalipokea kwa heshima ingawa ilichukua mwaka mzima nyumba ile kulitamka sawasawa. Tunasoma kwamba watakatifu wengine, wangali wachanga, walikataa kunyonya siku za mfungo. Huyu wetu hakukataa siku yoyote. Mwandishi wa maisha haya, ambaye ni katibu wa kanisa, mtaa wa Mnyambe, kwa miaka ishirini na miwili sasa, ameamua kuandika kweli tupu, maana akitia chumvi marehemu atamtokea usingizini kumsahihisha.

Mwaka 1969 aliolewa na mwinjilisti Silvano Nantanga akahamia Mnyambe, huku kwetu Newala juu ya uwanda, ambako Mungu ametujalia mikorosho, mihogo, ming'oko na upepo mwanana, ila maji akayaweka bondeni. Asiyeijua shida hiyo na ateremke na ndoo tupu, kisha apande nayo kichwani imejaa. Akifika juu ndipo tutaongea. Huko chini, kwenye chemchemi, ndiko Theodora alikoitiwa kazi yake. Asubuhi moja ya kiangazi cha mwaka 1974 alikuta wanawake wanavutana mitandio na maji yamegeuka tope. Alipanda juu ya jiwe, akiwa na mimba kubwa ya mtoto ambaye hakuishi, akapaza sauti: “Ndoo chini! Mstari!” Ndoo zikashuka, mstari ukanyooka. Tangu siku ile chemchemi ikawa na sheria, naye akawa sheria yenyewe: hakuna mguu kuingia majini, hakuna kuoga wala kufua juu ya mahali pa kuchotea, na hakuna kuruka foleni, uwe mke wa diwani au mke wa padri. Mke wa padri alijaribu mara moja tu.

Alikuwa mkali, tusifichane. Lakini mtoto wa mjane alichota sawa na mtoto wa mwenye duka, Mwislamu sawa na Mkristo, na kwa miaka zaidi ya arobaini hakuna aliyepanda mlima na ndoo tupu ila mmoja. Huyo mmoja alikuwa mwanawe mwenyewe, Loveness, mtoto wake pekee aliyebaki hai. Ilikuwa Oktoba 2009, maji yakichuruzika kama machozi ya mtu mbishi. Mtoto wa Loveness, Huruma, wa miezi minane, alikuwa nyumbani anaungua kwa homa. Loveness akapita mbele ya wenzake, akachota, akajitwisha. Mama yake akaiteremsha ile ndoo kichwani pake na kuimwaga yote mchangani, mbele ya wanawake wapatao arobaini. Akasema, “Hapa sina mwanangu. Hapa kuna foleni.” Loveness alifunga mtandio wake. Alipanda na ndoo yake tupu, na wiki ile ile yeye na mumewe wakahamia Chiungutwa kwa wakwe zake.

Mtoto alipona, Mungu mkubwa, lakini mguu wa Loveness haukukanyaga tena uwanja wa mama yake. “Akija kuniomba radhi, mlango uko wazi,” alisema Theodora, na mlango kweli ulikaa wazi miaka tisa, wakaingia kuku. Kilichomchoma zaidi ni salamu. Kijiji kizima kilimwita Mama Loveness, kama ilivyo desturi, hivyo kila asubuhi watu wema walimsalimu kwa jina la mtu asiyemsemesha. Alitangaza kwamba kuanzia sasa aitwe Bibi Theodora. Waliosahau walijikuta mwisho wa foleni.

Mwaka 2018 mtaa wetu ulipewa nafasi moja katika msafara wa hija ya Nchi Takatifu, nauli na malazi vikiwa vimeshalipwa na wafadhili, ikapigwa kura ya kumchagua atakayekwenda. Kura sitini na nne, zote Theodora. Padri Zabroni alitokwa na machozi kwa kuona upendo ule. Mwandishi, aliyezifungua karatasi zile kwa mkono wake, anajua kwamba watu walitaka kuchota maji kwa amani siku kumi na mbili. Padri akamkabidhi kidumu cha lita tano alete maji ya Yordani ya kubatizia watoto wa Krismasi. Jirani yake, Mzee Muharami, aliyekwisha kuhiji Makka, alimwazima sanduku lake na kumpa wosia: “Mama, kule kuna umati kuliko mnadani. Usigombane na mtu.”

“Nigombane na nani, mimi?” Theodora akauliza. Mzee Muharami ni mtu wa dini, akaanza kumwonyesha kufuli la sanduku.

Kidumu kilikuwa cha padri, lakini mwenyewe alikuwa na haja yake moja, na hakumficha mtu: kila mahali patakatifu atakapofika atamwomba Mungu amlete Loveness aje amwombe radhi. Aliomba hivyo Bethlehemu, akiwa amepiga magoti penye ile nyota ya fedha ya mahali alipozaliwa Yesu, akaongeza, “Mimi nipo tu, Bwana, sina haraka.” Aliomba Nazareti. Huko Kana, mwalimu mstaafu Anderson wa Masasi, aliyekuwa kiongozi wa msafara, alipowaeleza wanahija habari za mitungi sita ya maji iliyogeuzwa divai, Theodora aliguna kwa sauti. “Mitungi sita! Sisi wa Newala tungemwomba ayaache yawe maji hayo hayo.” Na walipofika bahari ya Galilaya, akaambiwa kwamba yote ile ni maji matamu, hayana chumvi hata tone, aliketi chini akalia. Wenzake walidhani amemkumbuka Petro akizama. Kumbe alikuwa anakadiria ndoo.

Yordani ndiko alikojulikana. Walikuta mamia ya watu kutoka kila taifa, wamevaa kanzu nyeupe, wameingia mtoni hadi kifuani, wanazama na kuibuka, wengine wanaimba. Theodora alisimama ukingoni na kidumu chake, akayatoa macho. Watu wazima, na mvi zao, wanaoga kwenye maji ya kunywa! “Tokeni majini!” akapiga kelele. “Aa, jamani, hamna haya? Walio chini huko watakunywa nini, jasho lenu? Tokeni, na mpange mstari!” Mwalimu Anderson alimshika mkono, akamponyoka. Wale wageni hawakujua Kiswahili, lakini sauti ile na kidole kile vilieleweka. Wakatoka, kama thelathini hivi, wakajipanga ukingoni wanadondosha maji, wakidhani mama mtakatifu wa Afrika anataka kuwabariki. Wa kwanza akainamisha kichwa. Theodora akabaki ameduwaa, kisha kwa kuwa hakuwa na jinsi, akawabariki mmoja mmoja, kila mmoja akionywa kwa Kimakhuwa asirudie. Waliibusu mikono yake. Ila maji hayo hakuchota hata kikombe, na kidumu cha padri kikaondoka Yordani kikavu.

Siku ya mwisho ilikuwa Yerusalemu, kwenye Kanisa la Kaburi Takatifu. Alipoiona foleni ya kuingia kaburini, moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani. Hii, alimwambia Mwalimu Anderson, ni kazi ya watu wenye akili. Akasimama nyuma kabisa. Saa ya kwanza alisimama vizuri, ya pili magoti yakaanza kulalamika, ya tatu joto la mishumaa na miili ya watu likampanda kichwani, ulimi ukakauka, akaegemea nguzo asije akaanguka. Mbele yake alikuwepo bikizee wa kigeni mwenye kitambaa cheusi kichwani. Bikizee yule aligeuka, akamtazama usoni, akafungua chupa yake ya maji akamnywesha. Kisha akamshika mkono akamweka mbele yake.

“Hapana, mama, zamu ni yako!” Theodora akapinga. “Kuna foleni!”

Bikizee hakuelewa, au alielewa. Alimgusa bega yule wa mbele, akamwonyesha mgonjwa, na yule akapisha. Akapisha na wa mbele yake. Hivyo hivyo foleni nzima ikafunguka, watu waliosimama tangu asubuhi wakajibana ukutani, wanamsukuma mbele taratibu huku wanatabasamu, naye anapita anasema “zamu yako, zamu yako” kwa kila mmoja mpaka sauti ikamkatika. Hakuna aliyenung'unika. Alipopiga magoti ndani ya kaburi, ile sala aliyoisali kila mahali ilikataa kutoka mdomoni. Alisema neno moja tu, “Loveness,” na mlinzi akamwonyesha mlango. Alitoka analia kiasi kwamba Mwalimu Anderson alimuuliza kama ameibiwa.

Tarehe 18 Oktoba 2018 sisi wa Mnyambe tulijipanga mbele ya kanisa tangu saa nane mchana. Kwaya ilikuwa na sare mpya, pilau limeiva, Mzee Muharami naye kaja na kofia yake ya Ijumaa kumpokea mhiji mwenzake. Basi likaja, likashusha magunia mawili na baiskeli, likaenda zake. Tuliimba nyimbo zote tulizofanyia mazoezi, tukazirudia, kisha tukala pilau. Hatukujua kwamba mhiji wetu alikwishashuka Masasi, akafunga sanduku la Mzee Muharami nyuma ya bodaboda na kumwambia dereva, “Chiungutwa, na usiniulize kitu.”

Alimkuta Loveness uwanjani anaanika korosho, na majirani wawili watatu wamekuja kuongea. Loveness akainuka, viganja vimejaa vumbi. Mama yake alishuka, akatembea hadi mbele yake, akapiga magoti kwenye mchanga na umri ule wa miaka sitini na saba, akainamisha kichwa.

“Shikamoo, Mama Huruma,” akasema.

Dereva wa bodaboda, kwa ushahidi wake mwenyewe, aliangusha helmeti. Mzazi kumwamkia mtoto wake! Loveness alijiziba mdomo; “marahaba” hawezi kuisema, akiisema amejilaani. Akapiga magoti yeye pia ili asiwe juu ya mama yake. Theodora akainama zaidi. Loveness naye akainama zaidi, hadi wote wawili wakawa wamelala kifudifudi katikati ya korosho, kila mmoja anakataa kuwa juu.

“Mama, inuka, watu wanatuangalia!”

“Waache waangalie. Nilikumwagia maji mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu.”

“Lakini mimi ndiye niliyeruka foleni.”

“Mtoto alikuwa mgonjwa,” Theodora akasema. “Na mimi nilikuwa najua. Asubuhi ile nilikuwa nimeambiwa, nikamwaga nikijua.”

Hilo Loveness hakuwa amelijua. Aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Majirani wakatazama chini. Dereva wa bodaboda akasema polepole, “Bibi, nikugeuzie pikipiki?” Theodora akatikisa kichwa, akabaki pale pale juani. Alikaa hivyo muda ambao mtu angeweza kupika ugali akala. Kisha mlango ukafunguka, Loveness akatoka macho yamevimba, ameshika kikombe cha maji kwa mikono miwili, akapiga magoti kama binti anavyompa maji mzazi wake aliyetoka safari. “Kunywa, Mama,” akasema. “Umetoka mbali.” Theodora akanywa yote.

Kesho yake walifika Mnyambe watatu, pamoja na Huruma, msichana wa miaka tisa aliyemkagua bibi yake kuanzia juu mpaka chini kama fundi anayekagua cherehani mbovu. Padri Zabroni aliuliza maji ya Yordani yako wapi. “Yameogewa, Padri,” Theodora akajibu. “Hata mbuzi wangu siwezi kumnywesha.” Baadhi ya waumini walikasirika sana, na wapo waliosema safari ile imepotea bure. Mzee Muharami alicheka hadi akashikilia mti, akakumbusha kwamba yeye alileta Zamzam na hakugombana na mtu. Krismasi ile watoto walibatizwa kwa maji ya bondeni.

Aliishi karibu miaka mitatu na miezi kumi baada ya safari ile, bado mkali, lakini akiitikia tena aliposalimiwa Mama Loveness. Alifariki tarehe 14 Agosti 2022, kichwa kikiwa mapajani mwa binti yake. Neno lake la mwisho lilikuwa kumwambia muuguzi kwamba wapo waliomtangulia kwenye foleni.

Mwaka huu Padri Zabroni alikusanya waumini kutafuta maajabu ya marehemu, kwa ajili ya kijitabu hiki. Mama mmoja aitwaye Pili alisimama akasema alijifunga khanga ya marehemu na jino likaacha kumuuma. Alipobanwa alikiri kwamba jino lenyewe liling'olewa asubuhi ya siku hiyo. Kulwa alileta habari ya kuku aliyepotea na kurudi. Siti alimwona marehemu ndotoni, anamwambia asogeze ndoo. Padri alianza kufunika kalamu yake. Ndipo Loveness alipoinuka katika benchi la nyuma.

“Mama yangu aliniomba radhi,” akasema, akaketi.

Padri aliwauliza wazee, mmoja mmoja, kama kuna aliyewahi kumwona mzazi wake akipiga magoti mbele ya mtoto kuomba radhi. Alianzia mbele akaishia nyuma, wengine wao wana miaka themanini na kitu. Hakuna aliyewahi. Padri alinigeukia akasema, “Katibu, andika. Muujiza umepatikana.”

Basi imeandikwa. Anayetaka kumwiga mwenye heri huyu asingoje msafara wala kidumu. Amtafute aliyemkosea, hata kama ni mtoto aliyemzaa, aanze yeye kuamkia. Mwandishi naye ana mwanawe Nachingwea, Reginald, ambaye hawajasemeshana mwaka wa sita huu, na kosa si la Reginald. Mwandishi amekata tiketi ya Jumatatu.