Taka za Ijumaa

Bitutu alichuma chai ya watu miaka kumi na tisa kabla hajapata chai ya kuita yake. Na hata hiyo, jamani, ilikuwa bado miche: elfu mbili, kila mmoja ndani ya kifuko chake cha udongo, imepangwa chini ya kivuli cha nyasi nyuma ya nyumba yake pale Litein, mwisho kabisa wa mteremko. Miezi kumi na moja aliinywesha asubuhi na jioni. Juni ingehamia kwenye kishamba chake. Mumewe Oyaro, baba wa Nelvine wao, alikuwa akimtania, "Hii miche ikikohoa, utaipeleka hospitali mimi ukiniacha na homa yangu."

Sasa, mtaa ule umejaa Waadventista, watu wa kutoka Kisii walioota mizizi huku zamani. Pita hapo Ijumaa alasiri, utasikia fagio tu: shwa, shwa, shwa. Sabato lazima ikute boma safi. Na zile taka, majani ya parachichi, maganda ya ndizi, majani ya mahindi, zote zinasukumwa kwenye mtaro wa barabarani. "Mvua itabeba," watu husema. Bitutu naye alisema hivyo, tena alifagia kuliko wote. Na kubeba, mvua ilibeba kweli. Ila hakuna aliyeuliza inapeleka wapi.

Sabato moja ya Aprili, watu wakiwa kanisani juu ya kilima, ikaanza mvua ya mawe. Bati lilipiga kelele mpaka mhubiri akafunga Biblia akaketi. Bitutu akachungulia mlangoni. Barabara haikuwepo. Palikuwa na mto mwekundu, umebeba mawe makubwa kama sufuria, unayapeleka kama mtu aliyebeba maharagwe kiganjani. Na ulipofika kwenye kalvati, lile bomba la kupitishia maji chini ya barabara, mbele ya lango lake, badala ya kupita chini uende zake, ulikata kona taratibu, kama mgeni anayeijua nyumba, ukaingia kwake.

Alivua viatu akakimbia na gauni lake jeupe la kwaya, Oyaro nyuma yake.

Miche ilikuwa majini hadi shingoni. Bitutu akashika jembe, akataka kushuka mtaroni.

"Wewe Mama Nelvine, usishuke!" Alikuwa Chepkirui, jirani yake, ambaye kanisa lake ni la Jumapili. "Hayo maji yatakumeza na kwaya yako yote!" Akaleta mti mrefu wenye ndoano, ule wa kuangulia parachichi. Bitutu akalala kifudifudi ukingoni, Oyaro akamshika miguu, naye akaanza kuchokonoa mdomo wa kalvati ulioziba.

Mzee Kebaso, mzee wa kanisa na jirani wa lango la juu yake, akafika na mwavuli wake. "Mama Nelvine! Kazi siku ya Sabato?"

"Mzee, Bwana alisema ng'ombe akitumbukia kisimani atolewe siku hiyo hiyo. Mimi ng'ombe wangu ni elfu mbili!"

"Na mliochimba hicho kisima mko wengi," Chepkirui akadakia.

Ndoano ikanasa. Walivuta wote wanne, mwavuli ukaachwa uende na upepo. Likatoka bonge la taka lililoshikana kama godoro. Katikati Bitutu akaona nyasi kuukuu za kivuli cha miche yake, zile alizozifagia mwenyewe Januari.

"Hizi ni zangu," akasema polepole.

Kebaso akachomoa kandambili moja. "Na hii ni ya mke wangu. Tangu Krismasi ananiuliza mimi."

Hakuna aliyepata nafasi ya kucheka. Kalvati ilivuta pumzi. Kisha ikanguruma, ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zao, na yale maji yote yaliyokuwa bomani yakageuka. Yalirudi nyuma, jamani, kama watu walioitwa kwa majina. Miche ikaibuka, jani kwa jani, mstari kwa mstari, inang'aa. Kebaso alivua kofia mvuani bila kujua anaivua.

Mia nne na kidogo ilikufa. Iliyobaki ilisimama.

Ijumaa iliyofuata Bitutu hakumhubiria mtu. Alifagia, akabeba taka zake hadi shimo la mbolea migombani, kisha akachukua sepetu, akazoa udongo kwenye mtaro, kipande cha mbele ya lango lake tu.

"Unafanya nini hapo?" Kebaso akauliza.

"Naandaa Sabato, Mzee."

Kebaso akatazama kipande chake. Akaenda kutafuta sepetu. Wa juu yake naye akaona haya, na wa juu ya huyo, lango kwa lango, hadi kanisani.

Mei mvua ikarudi na hasira ile ile. Bitutu alisimama langoni, shuka kichwani, mkono mdomoni. Mto mwekundu ulipita mbele yake ukinguruma, ukainama, ukaingia chini ya barabara, haukumgusa hata kizingiti.

"Turudi ndani, tunalowa," Oyaro akasema.

"Ngoja kidogo, Baba Nelvine. Wacha niyaone yakipita."